UZI: Nilimpeleka mzee wangu Rusinga na Mfangano, nikakosea hesabu ya upepo

MwanaKiamunyi
Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Kuna watu watatu niliowaahidi habari ya safari hii ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria, basi naiandika mara moja nilipe deni. Ni ndefu. Mwenye haraka aruke hadi sehemu ya upepo, huko ndiko pesa yake itakakookolewa.

Mzee wangu ana miaka 68. Julai 1969 alikuwa kijana wa shule ya msingi hapa Nakuru, na alisimama kando ya barabara kuu siku msafara wenye mwili wa Tom Mboya ulipopita ukitoka Nairobi kwenda kuzika. Hiyo habari ametusimulia tangu tukiwa wadogo, na kila mara inakatikia palepale: magari yakapita, mama yake akamshika mkono, wakarudi nyumbani kupika. Yalikofika hakuwahi kujua. "Kisiwani huko kwao," ndivyo anavyosema. Mwezi uliopita nikamwambia, baba, si twende tuone.

Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri na kigari changu. Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Lami mwanzo mwisho. Mpango wangu ulikuwa Rusinga kabla ya saa sita, Mfangano mchana, na usiku tulale Kisumu ambako nilikuwa nimeshalipia chumba. Kwenye ramani ya simu vile visiwa vimesogeleana kama vitanda vya bweni, kwa hiyo nilijiona mwerevu.

Karibu na Kendu Bay baba akataka tusimame Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la duara, maji ya kijani, halina samaki. Mnajua hadithi: bibi kizee mchovu alifika kijijini watu wakinywa pombe, wakamfukuza, mama mmoja tu akamkaribisha, na usiku ule kijiji kizima kikazama. Tukakuta flamingo wachache. Baba akawaangalia akasema, "Hawa ni wetu wa Nakuru, wamekuja kukopa." Tangu maji ya ziwa letu yapande huwa anawatafuta kila mahali.

Rusinga mnavuka kwa daraja tu pale Mbita, hata huhisi. Ni kisiwa kikavu, mawe mengi, vilima vya rangi ya kutu, na kila ukikata kona ziwa linakuchungulia. Uani kwa watu omena, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu chini, kuku wanafukuzwa kutwa nzima. Kaburi la Mboya liko Kasawanga. Jengo lake lina umbo la risasi, maana risasi ndiyo iliyomwua, Jumamosi tarehe 5 Julai, akitoka duka la dawa pale Government Road, siku hizi Moi Avenue. Alikuwa waziri wa mipango ya uchumi, na umri wake miaka 38. Mimi nina 41. Ndani mna picha zake, na kumbukumbu za wale wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa ndege kuanzia 1959.

Baba alivua kofia akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisini kwa hedimasta. Nikangoja aseme kitu. Kitambo kikapita, ndipo akamuuliza kijana anayetembeza wageni, "Siku ile, gari liliingilia upande gani?"

Kijana akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, siku hizo hapakuwa na njia ya kuingilia. Alivushwa kwa maji."

Baba akarudia, "Kwa maji." Akavaa kofia, akatoka nje, akasimama akilitazama ziwa. Zaidi ya nusu karne kichwani mwake lile gari lilikuwa bado linaendelea na lami.

Nitaendelea na Mfangano, nipumzishe vidole.

Kaptula_Moja
Samahani kaka, lakini Rusinga bado ni kisiwa? Unaingia na gari, unatoka na gari. Kwa hesabu hiyo hata Mombasa ni kisiwa.

Mwalimu_Webuye
Mombasa NI kisiwa, Kaptula.

Kaptula_Moja
Sawa mwalimu, nimeketi chini.

NyarMbita
Ngojeni mwenye mji aongee. Nimezaliwa upande wa Mbita na mama yangu ameolewa kutoka Rusinga. Wazee wetu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi na feri. Miaka ya 1980 serikali ikajaza mawe na udongo, ikatengeneza tuta kuunganisha kisiwa na bara. Tulifurahi, wagonjwa wakaanza kufika hospitali usiku. Lakini lile tuta liliziba mkondo kabisa. Maji ya upande mmoja yakawa hayaonani na ya upande wa pili, yakalala, magugu yakajazana, na samaki waliokuwa wakipita pale wakakosa mlango. Wavuvi walilia miaka na miaka hadi tuta likakatwa, likawekwa hili daraja unaloliona. Siku hizi boti inapita chini. Kwa hiyo Kaptula, kuna wakati ungekuwa na haki ya kusema si kisiwa. Sasa maji yanapita pande zote, kimerudi kuwa kisiwa.

Na MwanaKiamunyi, mpe mzee wetu salamu. Swali lake ni zuri kuliko yote niliyosikia wageni wakiuliza pale. Wengi huuliza choo kiko wapi.

Tilapia_Halisi
Picha ziko wapi? Na mlikula nini? Hapo ndipo mimi naanza kusoma.

MwanaKiamunyi
Picha za ndani sikupiga, baba alinikazia macho. Chakula kinakuja, Tilapia, vumilia.

Basi Mfangano. Kutoka Kasawanga tulirudi Mbita saa saba kasoro. Nikaegesha gari, nikaulizia boti. Ziko za abiria, ndefu, za mbao, zina injini nyuma, zinajaza watu, magunia, magodoro, na siku ile mbuzi mmoja aliyelipiwa kiti. Nauli ni mia chache. Ukitaka kukodi boti peke yako ni maelfu, na bei inategemea umevaa viatu gani. Kila abiria akapewa jaketi la kuokolea maisha. La baba lilikuwa halina kamba moja, akalifunga kwa mshipi wake. Zaidi ya saa nzima majini. Mawimbi yalikuwa yameanza na mimi nilishika ubao hadi kiganja kikachapwa mistari. Mama mmoja jirani yangu alikuwa amelala usingizi wa pono na mtoto mgongoni.

Mfangano si Rusinga. Huu ni mlima uliotoka majini, una miti, una migomba, na nyumba zimening'inia kwenye mteremko. Tukashuka Sena, tukachukua boda hadi karibu na Mawanga, kisha miguu. Mzee wa 68 alipanda akinisubiri mimi.

Mawanga ni pango pana lisilo na kina, jiwe lililoinama kama paa la kibaraza, uso wake ukitazama ziwa. Juu ya jiwe ndipo kuna michoro: miduara ndani ya miduara, mingine ina miale kama jua linalochomoza, nyekundu na nyeupe. Nilitegemea vitu vidogo vya kufifia. Mduara mmoja nikiusimamia mbele ulinizidi upana wa kifua. Wanaodhaniwa kuichora ni Watwa, wale wawindaji wa zamani waliokuwa huku kabla ya sisi wakulima na wavuvi kufika. Mzee aliyetuongoza alisema mahali hapo palikuwa pa kuombea mvua, na bado pana heshima zake. Nikataka kulowesha jiwe kidogo rangi itokeze kwenye simu. Akanishika kifundo cha mkono, taratibu, kama unavyomzuia mtoto asiguse sufuria. "Kila anayemwaga maji anaondoka na kidogo," akasema. Chupa ikarudi mfukoni.

Michoro mingine iko Kwitone, juu zaidi mlimani. Hatukufika, na hapa ndipo hesabu yangu ilipoharibika. Saa kumi tulipoteremka Sena nikamwambia nahodha turudi Mbita. Akaangalia ziwa, akaangalia mimi, akaendelea kula mahindi yake. Nikaongeza pesa. Akasema, "Bosi, hiyo pesa utampa nani tukizama?" Boti za kurudi zimeshaondoka asubuhi, upepo umekasirika, hakuna anayeng'oa nanga. Nikapiga simu hoteli Kisumu wanirudishie angalau nusu. Walinicheka bila kucheka, mnajua ile sauti.

NyarMbita
Nahodha huyo mungemnunulia soda. Nieleze kidogo maana wageni hufikiri ni ujeuri. Usiku nchi kavu inapoa upesi, ziwa linabaki na joto lake, kwa hiyo upepo unavuma kutoka bara kwenda majini. Jua likishika mchana, bara linachemka, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu. Wakati ule wa matanga wavuvi walikuwa wakitoka na upepo wa usiku, wakirudi na wa mchana, bila tone la petroli. Asubuhi maji huwa yametulia kama mafuta kwenye sahani. Baada ya saa sita, omba. Anayetaka Mfangano alale Mbita au Rusinga, achukue boti ya asubuhi, alale Mfangano, arudi asubuhi. Hakuna njia ya mkato.

Muuguzi_wa_Kondele
Naomba niharibu sherehe. Nani aliogelea?

MwanaKiamunyi
Mimi. Kisiwa cha Takawiri, siku ya pili. Kuna mchanga mweupe na minazi, ukipiga picha unaweza kudanganya watu uko Diani. Kwa nini?

Muuguzi_wa_Kondele
Kichocho, kaka. Ziwa lote hili, na visiwa hivyo hasa. Wadudu wake wanaishi kwenye konokono wa maji ya kando kando, penye majani na maji yaliyotulia, wakitoka humo wanapenya kwenye ngozi yako bila kubisha hodi. Huhisi kitu. Pengine ujikune siku moja. Baadaye ndipo tumbo, damu, uchovu usioisha. Usingoje kuumwa: baada ya wiki sita hadi nane hivi nenda ukapimwe, mwambie daktari kwamba uliingia ziwani na ulikuwa kisiwa gani. Dawa ipo, ni vidonge, inaitwa prazikwanteli. Watoto wa visiwani huwa wanapewa shuleni. Wageni ndio wanaosahau, wanarudi Nairobi wanatibiwa vidonda vya tumbo mwaka mzima.

Tilapia_Halisi
Mimi nitabaki kwenye sahani. Samaki akishakaangwa hana kichocho, si ndiyo?

Muuguzi_wa_Kondele
Kula, Tilapia. Kula kwa amani.

JaSuba
Nimesoma kimya kimya lakini sasa naingia. Mimi ni wa Mfangano, naishi Kisumu. MwanaKiamunyi, umeandika vizuri ila umepita juu ya watu kama upepo wako. Wenyeji wa hivi visiwa ni Abasuba. Sisi ni Wabantu. Wazee wanasimulia kwamba baadhi yetu walikuja kwa mitumbwi kutoka Buganda, wakikimbia ugomvi wa kiti cha Kabaka, mfalme wa huko, wakapita kisiwa hadi kisiwa. Tukaoana na Wajaluo, tukafanya biashara nao, watoto wakasoma kwa Dholuo, na leo ukinisikia sokoni utasema Jaluo kamili. Bibi yangu alikuwa akiniita kwa Olusuba jioni tu, akiwa amechoka. UNESCO imeiweka lugha hiyo kwenye orodha ya zilizo hatarini kupotea. Mimi naielewa nusu, wanangu hawana hata neno.

Lakini fanya hivi siku nyingine ukienda: soma majina ya vijiji. Waware, Wanyama, Wakula, Wakinga. Hiyo "wa" unaijua, ni ndugu wa "wa" ya watu, ya Waswahili. Kisha Kamasengre, Kasawanga: hiyo "Ka" ndiyo ya Kijaluo, ya kusema kwa fulani. Unaweza kutembea kijiji hadi kijiji ukihesabu mahali lugha ilipobadilika. Pale Ramba tuna makumbusho, Abasuba Community Peace Museum, mngefika mngeelezwa haya yote vizuri kuliko ninavyoeleza mimi kwenye simu.

MwanaKiamunyi
JaSuba, nimekubali kosa, ndugu yangu. Na unanieleza kitu. Yule mama aliyetulaza alikuwa akizungumza na mama mkwe wake, nikasikia maneno nikadhani ni Kiluhya. Baba akaniambia "hapana, sikiliza." Kumbe.

JaSuba
Mama mkwe ana miaka mingapi?

MwanaKiamunyi
Themanini na kitu.

JaSuba
Basi ndiyo yenyewe. Ulibahatika.

Mwalimu_Webuye
Nataka kuongeza mambo mawili, Kaptula usisinzie.

La kwanza, michoro kama hiyo si Mfangano peke yake. Kakapel kule Busia, upande wa Wateso, kuna mwamba wenye michoro ya ng'ombe na miduara. Niliwapeleka wanafunzi wangu. Tuliyoyakuta ya kwanza kusoma si ya kale, ni majina ya watu na ya wapenzi wao, yamekwaruzwa juu ya michoro. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, mwalimu, na huyu ni Mtwa wa wapi? Huyo mzee aliyekushika mkono nampigia saluti.

La pili, umepita Rusinga hukutaja mafuvu! Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota pale fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeitwa Proconsul, wa kama miaka milioni 18 iliyopita. Akalipeleka Uingereza yeye mwenyewe kwa ndege. Jina lenyewe linachekesha: lilitolewa 1933 kwa mabaki yaliyopatikana Koru, hapo juu ya Muhoroni, na Consul lilikuwa jina la sokwe wa maonyesho kule Uingereza. Pro maana yake aliyemtangulia. Kwa hiyo babu wa zamani hivyo kapewa jina la mchekeshaji. Mwaka 2015 wataalamu wakawatenga wale wa Rusinga, wakawaita Ekembo.

Na sababu ya Rusinga kuwa na mabaki mengi hivyo ni volkano ya Kisingiri. Vilima vya Gwasi mnavyoviona ng'ambo ni masalia yake. Majivu yake yalifunika wanyama, matunda, mbegu, hata wadudu, yakavigeuza mawe. Mvua ikinyesha siku hizi udongo unaondoka, kitu kinachungulia. Ukikiona usikitie mfukoni, ni kosa la kisheria, toa habari.

Kaptula_Moja
Sijasinzia. Nimefungua ramani natafuta Koru. Nimepita hapo mara mia nikidhani ni miwa tu.

Tilapia_Halisi
MwanaKiamunyi, saa ngapi mnakula kwenye hii safari?

MwanaKiamunyi
Haya, usiku wa Sena.

Nahodha mwenyewe ndiye aliyetupeleka kwa dada yake mjane mwenye vyumba viwili vya wageni. Alituletea ngege wawili wa mchuzi, nyanya na kitunguu tu, hakuna viungo vya kujificha, na ugali wa mtama mweusi mgumu hata kijiko kingesimama. Baba huwa hali samaki kwa sababu ya miba. Alimaliza wake, akafyonza kichwa, akaniangalia sahani. Nikampa mkia.

Kisha tukatoka nje kukaa. Hapakuwa na mwezi. Nikaona taa moja ziwani, ikawa mbili, nikageuka kuongea na mwenyeji, na niliporudisha macho ziwa lote lilikuwa limewaka. Taa mamia, zimetawanyika hadi mahali usipojua maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Baba akauliza ni mji gani ule. Yule mama akamwambia ni wavuvi wa omena, wanaelekeza taa majini, omena wanaifuata, wanazungushiwa nyavu. Alikaa pale hadi saa sita usiku na blanketi la mtu. Mimi niliingia kulala mapema kwa hasira za chumba cha Kisumu.

Asubuhi maji yalikuwa kama NyarMbita alivyosema, mafuta kwenye sahani. Badala ya kurudi moja kwa moja, baba ndiye aliyesema twende Takawiri. Mimi nilitaka gari langu. Nadhani mnajua nani aliyeshinda.

Tulipokaribia Mbita mchana alimwomba nahodha azime injini kidogo kwenye mkondo, kabla ya daraja. Boti ikayumba tu hapo. Alitazama bara, akatazama Rusinga, akapima kwa macho ule upana. Ni mfupi sana, hata mimi ningeweza kurusha jiwe karibu lifike. Akasema, "Sasa nimemaliza," nahodha akawasha.

NyarMbita
🙏🏾

Kaptula_Moja
Nimeguswa na sikupanga kuguswa. Sasa swali la maana: nataka kumpeleka mke wangu aone hizo taa. Ni kila siku?

NyarMbita
Si kila siku. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, omena hawaifuati, wavuvi wengi wanalala kwao. Chagua siku za giza, mwisho wa mwezi mwandamo na siku chache za mwanzo wake. Ukiwa na jirani Mwislamu muulize tarehe, atakwambia bila kufungua simu. Na usije Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane, utakaa nje na blanketi ukitazama giza.

Kaptula_Moja
Shukrani dada. Nakuja Agosti.

MwanaKiamunyi
Nimemsomea baba jibu lako, NyarMbita. Ameomba kalenda ya ukutani na kalamu. Ameshazungushia wiki mbili za Agosti, na Kwitone ameiandika pembeni. Mimi sijaulizwa kama nina likizo.